Tone la Damu na Fedha: Safari ya Mhandisi wa Mifereji Midogo

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba haba na haba hujaza kibaba. Hata hivyo, wapo waja ambao maisha yao ya kitaaluma yameelekea upande wa pili wa methali hiyo. Wao hukichukua kibaba kilichojaa, wakakigawa na kukigawa tena, hadi ndani yake ikasalia haba moja tu. Kisha huiuliza haba hiyo maswali yaliyozoea kuulizwa kibaba kizima. Mmoja wao ni Samuel Sia, profesa wa uhandisi wa kitiba katika Chuo Kikuu cha Columbia, mjini New York. Kibaba chake ni damu ya mgonjwa, na haba yake ni mikrolita moja.

Mikrolita ni sehemu moja ya milioni ya lita. Kijiko cha chai cha kawaida huchukua mikrolita 5,000. Ukitaka kuiona mikrolita kwa jicho, chora akilini mchemraba ambao kila upande wake una urefu wa milimita moja, kisha uujaze maji. Kiasi hicho hakifikii hata tone linaloning'inia kwenye ncha ya kidole kilichodungwa sindano. Yamkini msomaji atauliza: kuna haja gani ya kumpunja daktari damu ilhali mwili wa mtu mzima una takriban lita tano? Jibu la swali hilo halipatikani katika mishipa ya mgonjwa. Linapatikana katika njia anayoipita ili kuifikia maabara.

Tuseme mama mjamzito ameamka alfajiri katika kijiji cha milimani, akatembea hadi kituo cha afya ili kuhudhuria kliniki yake ya kwanza. Muuguzi anamtoa damu ya mshipani na kuijaza kwenye kichupa. Kichupa hicho hakina budi kusafirishwa hadi hospitali yenye mashine, mtaalamu, umeme usiokatika na jokofu. Huko damu itazungushwa kwa kasi ili chembe zake zitengane na majimaji, kisha majimaji hayo yatawekwa kwenye vishimo vya sahani ya plastiki, yaoshwe, yatiwe dawa, yaoshwe tena, na hatimaye rangi isomwe na mashine. Utaratibu huo, ujulikanao kama ELISA, ulibuniwa mwaka 1971 na umeokoa maisha mengi. Hata hivyo huchukua saa kadhaa hata pale ambapo hakuna foleni, na matokeo yake huweza kurudi kijijini baada ya siku nyingi. Mama aliambiwa arudi. Njia ni ndefu, mtoto wa kwanza anaugua, shamba linangoja. Harudi. Matokeo yake yanakaa kwenye faili.

Linaloning'inia hapo ni uhai. Pasipo hatua yoyote ya kinga, kati ya watoto 15 na 45 katika kila 100 wa akina mama wenye virusi vya ukimwi huambukizwa wakiwa tumboni, wakati wa kuzaliwa au kwa kunyonya. Hatua zikichukuliwa mapema, idadi hiyo hushuka chini ya 5. Kaswende nayo humuua mtoto kabla hajaliona jua, au ikamwachia ulemavu, ilhali tiba yake ni penisilini, dawa kongwe na ya bei nafuu. Basi kizuizi kimebaki kuwa ule muda ulio baina ya kidole kilichodungwa na jibu lililotamkwa. Kuufupisha muda huo ndiko kulikoifinyanga kazi ya Sia kwa zaidi ya miongo miwili.

Taaluma yake huitwa maikrofluidiki, yaani elimu ya vimiminika vinapopita katika mifereji yenye upana wa unywele au chini yake. Waama, maji yanapoingizwa katika mfereji wa aina hiyo hubadili tabia, kana kwamba yamehamia nchi yenye sheria nyingine. Mwaka 1883, mhandisi Osborne Reynolds wa Manchester alipitisha maji katika bomba la kioo na kuingiza uzi mwembamba wa rangi katikati yake. Maji yalipokwenda polepole, uzi ule ulinyooka kama ulivyotiwa. Yalipokwenda kasi, uzi ulipasukapasuka na kuyachafua maji yote. Kutokana na majaribio hayo kulizaliwa nambari inayobeba jina lake, ambayo hulinganisha nguvu ya mwendo wa kimiminika na ule unato unaokizuia. Katika bomba la kawaida, msukosuko huanza nambari hiyo inapokaribia 2,000. Katika mfereji wenye upana wa mikromita 100, maji yakienda milimita moja kwa sekunde, nambari hiyo ni takriban 0.1 tu.

Maana yake ni kwamba ndani ya mfereji mdogo hamna kimbunga wala kizingia. Mikondo miwili ya maji ikikutanishwa, moja yenye rangi na nyingine isiyo na rangi, husafiri ubavu kwa ubavu kama majirani wasiosemezana. Kuchanganyika kwake hutegemea molekuli kusambaa zenyewe, moja baada ya nyingine. Na kusambaa huko kuna hesabu yake ya ajabu: umbali ukiongezwa mara 100, muda huongezeka mara 10,000. Molekuli ndogo ndani ya maji huvuka mikromita 100 kwa muda wa sekunde tano hivi. Ikitakiwa kuvuka sentimita moja kwa njia iyo hiyo, bila kukorogwa, itahitaji karibu saa 14. Hapa ndipo wahandisi walipoiona fursa. Kingamwili iliyomo katika damu ikiwekwa ndani ya mfereji mwembamba, haina mbali pa kwenda ili iugonge ukuta uliopakwa chambo chake. Kinachochukua saa nyingi katika kishimo cha sahani huweza kukamilika kwa dakika chache.

Elimu hiyo haikuanza na Sia, wala haikuota kama uyoga. Mwaka 1979, watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walichonga juu ya kaki ya silikoni mtambo mzima wa kuchanganua gesi. Mwaka 1990, Andreas Manz na wenzake walipendekeza kwamba kazi zote za maabara, tangu kuandaa sampuli hadi kusoma jibu, zikusanywe katika chombo kimoja kidogo. Hata hivyo kuchonga silikoni na kioo kulikuwa kazi ya wachache, kwa kuwa kulihitaji vyumba visivyoingiza vumbi na mitambo ya gharama kubwa. Mwaka 1998, maabara ya George Whitesides katika Chuo Kikuu cha Harvard ilionyesha njia nyepesi zaidi: mchoro wa mifereji hutengenezwa kwa mwanga kuwa kalibu, kisha mpira mwangavu wa aina ya silikoni humiminwa juu yake, ukaachwa ugande, ukabanduliwa. Kuanzia hapo mwanafunzi aliyepata wazo siku ya Jumatatu aliweza kulishika mkononi kabla ya wiki kuisha.

Katika maabara ya Whitesides ndimo alimoingia Sia. Alikuwa amesomea biokemia katika Chuo Kikuu cha Alberta, nchini Kanada, kisha akapata shahada ya uzamifu katika biofizikia huko Harvard. Mtu wa njia hiyo aghalabu huishia kuchunguza umbo la protini moja na kulichunguza maisha yake yote. Utafiti wake wa baada ya uzamifu ulimvusha ng'ambo ya pili, kutoka kwa wanaouliza "kitu hiki ni nini?" hadi kwa wanaouliza "kitu hiki kitamfaa nani, na kwa bei gani?" Mwaka 2004, yeye, Whitesides na wenzao walichapisha makala iliyoeleza kipimo cha kingamwili kilichobuniwa mahususi kwa mahali pasipo na mali. Badala ya mashine nzito ya kusoma rangi, walitumia leza ya bei nafuu na kitambuzi kidogo cha mwanga. Mwaka uo huo Sia akashiriki kuanzisha kampuni iliyoitwa Claros Diagnostics, na mwaka 2005 akajiunga na kitivo cha uhandisi cha Columbia. Kwa hivyo mguu wake mmoja uliingia darasani na mwingine sokoni, na mvutano wa miguu hiyo miwili haujawahi kuisha.

Yeyote aliyewahi kutazama onyesho la chipu ya maikrofluidiki katika maabara hufahamu kichekesho chake. Chipu yenyewe hutosha kwenye kiganja. Ila imeunganishwa na pampu, mitungi ya gesi, darubini, kompyuta na nyaya zilizotapakaa meza nzima. Wenye kejeli husema kwamba badala ya maabara ndani ya chipu, watafiti wamezalisha chipu ndani ya maabara. Chombo cha namna hiyo hakiwezi kumsaidia muuguzi wa kituo kisichokuwa na umeme. Ilimbidi Sia na wenzake kuitua mizigo hiyo mmoja baada ya mwingine.

Mzigo wa kwanza ulikuwa mpangilio. Kipimo cha kingamwili kina hatua zisizoweza kupinduliwa: damu kwanza, kisha maji ya kuosha, kisha kitendanishi, kisha kuosha tena, na mwisho kile kinachotoa ishara. Katika maabara kubwa, roboti au mkono wa mtaalamu ndio unaosimamia zamu hizo. Mwaka 2005, Vincent Linder, Sia na Whitesides walionyesha kwamba zamu hizo zaweza kupangwa mapema ndani ya mrija mmoja mwembamba. Kila kimiminika huwekwa kwa kipande chake, na baina ya kipande na kipande huachwa kiputo cha hewa. Mrija ukishavutwa kutoka upande wa pili, vipande hivyo hupita kimoja kimoja kama mabehewa yaliyofungwa nyuma ya kichwa cha gari moshi, bila kimoja kukitangulia kingine na bila valvu hata moja. Usidharau wembamba wa reli, husema Waswahili wa mjini, gari moshi hupita. Hapa msemo huo uligeuka kuwa mchoro wa mhandisi.

Mzigo wa pili ulikuwa pampu. Kwa kuwa mabehewa yale hayahitaji kuongozwa bali kuvutwa tu, bomba la sindano la kawaida lilitosha: kishikio chake kikivutwa nyuma, hutokea ombwe linalonyonya kila kitu kuelekea kwake.

Mzigo wa tatu, ambao ndio mzito kuliko yote, ulikuwa jicho. Kadiri damu inavyopungua ndivyo molekuli zinazosakwa zinavyopungua, na ishara yake hufifia mpaka ikahitaji mashine kali ili ionekane. Suluhisho lilitoka kwa vito. Kingamwili za kugundulia huambatishwa na chembechembe ndogo mno za dhahabu. Mwishoni hupitishwa kimiminika chenye ayoni za fedha. Mahali penye chembe ya dhahabu, fedha huganda juu yake na kuzidi kujijenga, tabaka juu ya tabaka, mpaka panatokea doa jeusi ndani ya mfereji. Mahali pasipo na dhahabu, mfereji hubaki mweupe. Taa ndogo upande mmoja na kitambuzi upande wa pili hutosha kulipima giza hilo. Tone likisema ndiyo, fedha huonekana. Likisema la, mwanga hupita.

Bado palikuwa na swali la kalibu. Mpira wa Harvard ulifaa kwa majaribio, lakini kuumimina na kuusubiri ugande hakuwezi kulisha kliniki za nchi nzima. Kikundi cha Sia kiligeukia plastiki ngumu inayoyeyushwa na kusukumwa ndani ya kalibu kwa shinikizo, jinsi zinavyotengenezwa sahani na beseni. Mfereji ukapindwapindwa kama nyoka ili sehemu ndogo ibebe urefu mkubwa. Chipu iliyopatikana ilikuwa na ukubwa wa kadi ya benki.

Mwaka 2011, jarida la Nature Medicine lilichapisha matokeo ya chipu hiyo nchini Rwanda, ambako ilijaribiwa kwa mamia ya sampuli zilizokusanywa huko huko. Kwa mikrolita moja ya damu isiyosafishwa wala kuzungushwa, chipu iliweza kutambua maambukizi ya virusi vya ukimwi. Aidha, iliweza kuchunguza virusi hivyo pamoja na kaswende kwa mpigo mmoja, na usahihi wake ulikaribiana na ule wa vipimo vya mezani vya maabara kubwa. Kazi iliyohitaji saa na mitambo sasa ilichukua takriban dakika 20. Miaka miwili baadaye, kikundi hicho kilichapisha habari za kifaa cha kushikwa mkononi ambacho, baada ya kupima, kilituma matokeo kwenye kumbukumbu za mbali kupitia mitandao ya simu au setilaiti.

Mwaka 2015 ndipo ilipokuja hatua iliyozungumziwa kuliko zote. Kifaa kilifungwa kwenye simu ya mkononi kupitia tundu la vipokea sauti, kikanyonya umeme wake wote kutoka humo. Ombwe la kuvuta vimiminika lilipatikana kwa kubonyeza kwa kidole kifuko cha mpira. Wahudumu wa afya nchini Rwanda walifunzwa kukitumia kwa muda wa nusu saa tu, kisha wakawapima wagonjwa 96 kwa damu ya kidoleni. Baada ya dakika 15, kila mmoja alipata majibu matatu kwa pamoja: moja la virusi vya ukimwi na mawili ya kaswende, la kingamwili za kaswende na la kuonyesha kama ugonjwa ungali hai. Watafiti walikadiria kwamba kutengeneza kifaa hicho kungegharimu dola 34 za Marekani, ilhali mashine za ELISA za kazi kama hiyo hugharimu dola 18,450. Asilimia 97 ya wagonjwa walisema wangewapendekezea wenzao kipimo hicho.

Makala mengi ya kusifu sayansi hukomea hapo, vigelegele vikapigwa na pazia likashuka. Lakini takwimu zile zile zina upande mwingine, nao Sia na wenzake hawakuuficha. Uwezo wa kifaa kumtambua mgonjwa ulikuwa kati ya asilimia 92 na 100. Uwezo wake wa kumwachilia asiye mgonjwa ulikuwa kati ya asilimia 79 na 100, kutegemea kipimo. Asilimia 79 maana yake ni kwamba katika watu 100 wasio na ugonjwa, 21 wangeambiwa kuwa huenda wanao. Katika jedwali, hao ni tarakimu. Katika chumba cha kliniki, kila mmoja wao ni mke atakayerudi nyumbani kwa mumewe na neno zito kinywani. Ndiyo maana kipimo cha namna hii hakikukusudiwa kutoa hukumu ya mwisho. Kazi yake ni kupiga mbiu, ili kipimo kingine kithibitishe. Hata hivyo mbiu nayo huvunja usingizi.

Upo upande mwingine tena, nao unahusu neno ambalo Kiswahili kimelitumia kwa werevu tangu kale. Fedha ni madini meupe yanayong'aa, na fedha ni mali ya kununulia. Baadhi ya lugha huyatenga maana hayo mawili, ila Kiswahili kiliyaacha yalale kitanda kimoja. Katika kazi ya Sia, fedha ya kwanza ndiyo iliyofanya tone lionekane. Fedha ya pili ndiyo iliyoamua tone la nani litaonekana kwanza.

Kampuni aliyoshiriki kuianzisha ilihitaji wawekezaji, na wawekezaji huuliza nani atanunua. Mama wa kijijini hana bima wala pochi nene. Mwanamume wa Marekani au Ulaya anayehofia saratani ya tezi dume anavyo vyote viwili. Si ajabu basi kwamba bidhaa ya kwanza ya kampuni ilielekezwa kwenye kipimo cha tezi dume. Mwaka 2011, mwaka ule ule wa makala ya Rwanda, Claros ilinunuliwa na kampuni ya OPKO Health. Mwaka 2019, mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha kipimo cha tezi dume kilichotokana na mifereji hiyo, chenye kutumia damu ya kidoleni. Hapana shaka kwamba mwanamume yule naye ni mgonjwa, na uhai wake una thamani ile ile. Lakini mkono mtupu haulambwi, na chombo kilichobuniwa kwa ajili ya mahali pasipo na mali kilipata kibali chake kikubwa mahali palipo na mali.

Je, mama wa milimani alisahaulika? Hapa ndipo kisa kinapopinda kwa namna isiyotarajiwa. Wakati wahandisi wakipambana na chipu na simu, kipimo cha utepe wa karatasi kilikuwa kikizidi kuboreshwa. Utepe huo hauna mfereji uliochongwa wala ombwe. Hutegemea tabia ile ile inayoyapandisha mafuta ya taa katika utambi wa koroboi: kimiminika hupenya baina ya nyuzi na kujivuta chenyewe. Mwaka 2019, Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba kipimo cha pamoja cha virusi vya ukimwi na kaswende kiwe cha kwanza kutumiwa katika kliniki za wajawazito. Wazo la kumdunga mama mara moja na kumjibu maswali mawili papo hapo, ambalo Sia alilipigania Rwanda, limeingia kliniki. Lakini aghalabu limeingia likiwa limepanda utepe, si chipu. Ushindani huo una mafumbo yake, maana Whitesides yule yule aliyemlea Sia kitaaluma alianza mwaka 2007 kuchapisha kazi za mifereji iliyochorwa juu ya karatasi. Mwalimu na mwanafunzi walikuwa wakiujia mji mmoja kwa barabara mbili.

Mtu asiyeijua kazi ya utafiti angemhukumu Sia kuwa ameshindwa. Hukumu hiyo ingekuwa ya haraka. Utepe hujibu maswali mepesi kwa ustadi, lakini hupata taabu pale panapotakiwa kiwango kamili, vipimo vingi kwa mpigo, au kumbukumbu inayojituma yenyewe. Maswali hayo yangalipo. Kadhalika, mhandisi hapimwi kwa vyombo vyake pekee. Mwaka 2013 alishiriki kuanzisha Harlem Biospace, mahali ambapo kampuni changa za bioteknolojia hupata meza na maabara kwa kodi wanayoimudu, katika mtaa ambao kwa miaka mingi haukutajwa sambamba na sayansi. Wanafunzi waliopitia maabara yake nao wametawanyika na ujuzi wao. Papo kwa papo kamba hukata jiwe. Jiwe likikatika, hakuna anayejua ni msuguano upi uliolikata.

Kuna mfereji mmoja, hata hivyo, ambao maabara ya Columbia haikuweza kuuchonga, na ambao unawahusu wapenzi wa lugha kuliko wahandisi. Chipu hutoa doa jeusi. Simu hulisoma doa na kuandika neno. Kisha binadamu mmoja hana budi kumtazama mwingine usoni na kulitamka. Katika lugha ya kitaalamu ya Kiswahili, matokeo yanayoonyesha ugonjwa huitwa chanya, na yasiyouonyesha huitwa hasi. Lakini mitaani na shuleni, chanya limezoeleka kuwa jina la jema: mtazamo chanya, mabadiliko chanya, mchango chanya. Mama akiambiwa kwamba matokeo yake ni chanya, anaweza kutabasamu. Dakika 15 zilizookolewa na mhandisi zaweza kupotezwa na neno moja lililotafsiriwa bila kufikiriwa. Wauguzi wengi wenye busara huliepuka neno hilo na kusema wazi: virusi vimeonekana katika damu yako, dawa ipo, na mtoto anaweza kuzaliwa salama.

Rwanda ilikifanya Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha zake rasmi mwaka 2017, ingawa Kinyarwanda ndicho kinachosikika zaidi katika kliniki zake. Kadiri lugha hii inavyozidi kuvuka mipaka, ndivyo deni lake linavyoongezeka. Si deni la kuunda istilahi ngumu za kupambia kamusi. Kwa mintarafu ya maikrofluidiki, lugha tayari ina mfereji, mrija, mkondo, mchirizi, utambi na tone. Ina kunyonya, kupenya, kuganda na kusambaa. Fundi wa maneno akiwa na hivyo mkononi anaweza kumweleza bibi yake kazi yote ya Samuel Sia kabla chai haijapoa. Deni lililobaki ni la ile hatua ya mwisho, fupi kuliko upana wa unywele, kati ya kinywa cha muuguzi na sikio la mama. Hiyo haivutwi na ombwe wala haiangazwi na fedha, ya aina zote mbili. Mama yuko kwenye benchi la mbao, kidole chake kimefungwa pamba, na anangoja kuambiwa.